Ngamia Kwenye Mkono wa Gauni

Mama alikuwa fundi wa nguo. Chumba chao kilikuwa kimoja: cherehani mbele, kitanda nyuma. Aliishi humo na binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano kwa wembamba wake.

Sindano alipenda shule, lakini historia ilimtoa jasho. Mama alimwambia akariri tarehe. Jioni alizikariri kama kasuku, asubuhi zote zimeruka. Mwalimu alishaonya kwamba akianguka tena mtihani atarudia darasa. Siku hizo msichana aliacha kukariri, akawa anachora kwenye karatasi moja kubwa. Mama aliguna tu. Kwake kuchora kulikuwa mchezo.

Jirani yao alikuwa mkutubi, yaani mtunzaji wa vitabu vya maktaba. Siku moja alileta kitambaa cha gauni. Kabla ya kukata kitambaa, mama hukata kwanza vipimo vya karatasi vya kufuatisha. Siku hiyo karatasi zilikuwa zimekwisha. Akaona moja nyuma ya mlango, safi na nyeupe. Hakuigeuza. Akakata mgongo, kola na mikono.

Sindano aliporudi kutoka shuleni akakuta mchoro wake vipande vipande. Hakulia.

"Basi, mama. Historia sisomi tena," alisema. Akalala akageukia ukuta. Mama aliumia moyoni, ingawa hakujua ameharibu nini hasa.

Kesho yake mkutubi alikuja kujaribu gauni. Akaokota kile kipimo cha mkono, akakigeuza. Palikuwa na nusu ya ngamia.

"Mama Sindano, hiki si kichezeo," alisema kwa upole. "Binti yako anasoma."

Akaeleza kwamba Sindano huenda maktaba kila Jumamosi. Huko hutazama picha za zamani, husikiliza hadithi na kuangalia filamu za mafunzo. Kwa kila picha hujiuliza: hawa ni nani? Wamevaa nini? Nguo hiyo ilitoka wapi? Akipata jibu, huchora. Tarehe huja mwishoni.

"Tarehe peke yake ni kifungo kisicho na shati," mkutubi alisema. "Mpe shati kwanza."

Hilo mama alilielewa mara moja. Jioni alikusanya vipande vyote, akaketi kitandani karibu na mwanawe.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikata bila kugeuza. Nataka kuvishona, lakini sijui kipi kinaanza."

Msichana aligeuka, akavitazama vipande. Kisha akanyoosha kidole kwenye kipande cha kwanza. Mama akatunga uzi mwekundu, akapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikizia nguo.

"Huyu mdudu juu ya majani anafanya nini?"

"Ndiye anayetoa uzi wa hariri, mama. Watu wa China walijua siri yake kwa miaka mingi."

Mama akasimamisha mkono. Miaka yote ameshona hariri, na hakujua kwamba inatoka kwa mdudu. Akauliza kuhusu ngamia. Sindano akaketi, akaeleza habari za wafanyabiashara waliovuka jangwa na mizigo ya vitambaa, wakibadilishana bidhaa, hadithi na maarifa. Hata utengenezaji wa karatasi ulienea kwa njia hizo. Alieleza mpaka uzi ukaisha, na mama akatunga mwingine ili asikie zaidi.

Siku ya mtihani likaja swali kuhusu biashara ya hariri. Sindano alifaulu. Alirudi mbio, akasimama mlangoni akihema.

"Nilifumba macho nikauona mchoro, mama. Kila nilipokaribia kusahau niliuona uzi wako mwekundu, nikaufuata."

Mama alijifanya anatafuta mkasi, huku machozi yakimtoka.

Mchoro ule sasa uko ukutani juu ya cherehani. Wateja huuliza, na mama mwenyewe huwasimulia, akianzia kwa mdudu. Na hakati tena karatasi kabla ya kuigeuza, hata ile ya kufungia sukari.