Kebo ya Waruguru

Waruguru alishika mguu mmoja wa suruali ya khaki. Mguu wa pili ukavutwa na mwanamume mrefu mwenye shati la drafti, jina lake Kweyu. Ilikuwa Jumamosi, soko la Gikomba limefurika, na mwenye mitumba akabaki akicheka.

"Sista, hii ni ya wanaume," Kweyu alisema.

"Imeandikwa wapi? Napanda ngazi kufunga nyaya. Nataka mifuko sita."

"Wewe? Ngazi?"

"Achilia kabla sijakuaibisha."

Akaachilia. Jumatatu wakakutana tena ghorofani katika mtaa wa Tena, kwenye kozi ya mitandao ya kompyuta, Waruguru akiwa msichana pekee kati ya wanaume kumi na wanane. Huo ulikuwa mwaka wa 1998. Kufikia Agosti walipendana vibaya sana, na kila jioni Kweyu alipiga simu kwa jirani wa kina Waruguru kule Komarock.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na usiniite fundi kama humaanishi."

"Namaanisha, malaika."

Hakumaanisha, maskini.

Mtihani ulikuwa kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja, kwa kebo uliyoitengeneza mwenyewe. Anayepita anapewa kazi ya kutandaza mtandao katika ofisi mpya mjini, na Waruguru aliitaka kazi hiyo kwa roho yake yote. Wakati wa chai Kweyu aliichungulia kebo ya Waruguru. Mpangilio wa rangi za nyaya upande huu haukulingana na wa upande ule. Akadhani mpenzi wake amekosea, akakata upande mmoja kimyakimya na kuufunga upya ulingane. Siku ya somo hilo alikuwa Kakamega matangani; hakujua kwamba kebo ya namna hiyo lazima ncha zake zitofautiane.

Waruguru alipoichomeka kebo, kompyuta zilinyamaza. Mwalimu Phares akatikisa kichwa.

"Nilijua. Hii si kazi ya wasichana."

Waruguru akaitazama ncha ile mpya, kisha akamtazama Kweyu, ambaye alikuwa anaangalia sakafu.

Jioni simu ililia kwa jirani.

"Uliitaka kazi yangu!"

"Nilitaka upite, mpenzi!"

"Si ungeniuliza! Kinywa huna?" Akakata.

Asubuhi Waruguru alisimama mbele ya darasa, koleo mkononi. "Sitoki hapa mpaka nipimwe tena."

"Umeshaanguka," Phares alisema.

Kweyu akainuka. "Mwalimu, ni mimi niliyeikata kebo yake. Alikuwa sawa."

"Anayegusa kazi ya mwenzake anarudia kozi yote. Unajua?"

"Najua. Mpime."

Waruguru akaifunga nyingine macho yote yakimwangalia. Kompyuta zikaitikiana. Hakushangilia, alingoja tu mpaka Phares akaandika jina lake.

Nje, Kweyu alimfuata kwenye ngazi. "Nisamehe, Waruguru. Utaningoja nimalize?"

"Mimi singoji mtu. Jumatatu naanza kazi." Akamshika mkono, darasa zima likiwachungulia dirishani, wala hakujali. "Lakini Jumapili uje nyumbani umwambie baba unataka kunioa. Na uanze na habari ya kebo."