Harusi ya Siku Jua Lilipopatwa

Magdaline alikuwa mama wa mikono miwili na kazi kumi. Kila asubuhi alikamua ng'ombe, akamwagilia miche ya kabichi, kisha akamwita mumewe Kahiga anywe chai kabla haijapoa. Kahiga alikuwa fundi wa mabati. Alitengeneza majiko na makopo ya kumwagilia miche. Kelele za nyundo yake ziliamsha kijiji kizima cha Ruring'u, karibu na mji wa Nyeri, na hakuna aliyehitaji saa.

Juma hilo nyundo ilinyamaza. Binti yao Murugi alikuwa anaolewa Jumamosi, tarehe 30 Juni 1973. Bwana harusi, Theuri, aliendesha trekta katika shamba la ngano kule Timau. Mkubwa wake alimpa likizo ya siku chache tu, na hakuahidi nyingine karibuni. Mbuzi wa mahari walikuwa wamekubaliwa. Mchele ulikuwa umechaguliwa mawe. Magdaline alikuwa na furaha mpaka akawa anaimba akiwa peke yake jikoni.

Kisha redio ikatangaza habari. Jumamosi hiyo hiyo, alasiri, jua litapatwa. Kule kaskazini giza litakuwa kamili kwa dakika chache. Nyeri jua litafunikwa karibu lote, na kitabaki kipande chembamba.

Siku mbili baadaye mgeni akabisha hodi. Alikuwa Mzee Ngatia kutoka Kerugoya, baba mdogo wa Theuri, ambaye ndiye aliyemlea. Alikuwa mzee mwenye kipara kinachong'aa na fimbo ya heshima. Magdaline alimkaribisha jikoni kwenye moto, maana baridi ya Juni haina huruma.

"Mama Murugi, sikuja kunywa chai," Ngatia alisema.

"Kunywa kwanza, Mzee. Utaongea ukiwa na joto."

Ngatia akanywa. Akanywa na kikombe cha pili. Kisha akasema, "Nimesikia kwa redio. Ati jua itakufa siku ya harusi. Hiyo ni mkosi. Tungojee mwaka ujao."

Murugi alikuwa anamenya viazi. Kisu kilimponyoka mkononi.

"Mwaka ujao!" Magdaline alishtuka. "Mzee, mbona unataka kutuvunja moyo?"

"Si ati mimi simpendi Murugi," Ngatia alijibu kwa upole. "Nampenda sana. Lakini watu wako na midomo. Mtu mmoja akipata shida siku hiyo, watamwita mke wa giza mpaka azeeke. Wewe unataka mtoto wako abebe hiyo jina?"

Magdaline alichochea moto. Moyo ulimuuma, kwa sababu aliwajua majirani zake na midomo yao.

Hapo ndipo Mwalimu Bharti alipoingia. Alikuwa jirani yao, mwalimu wa sayansi, na baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini. Alileta shela ya Murugi ikiwa imekunjwa vizuri ndani ya karatasi. Aliona nyuso zote zimenuna.

"Kwani kuna matanga hapa?" aliuliza.

Wakamweleza. Bharti hakucheka. Aliomba koroboi, akaiwasha na kuiweka juu ya meza. Kisha akachukua kiazi kimoja.

"Mzee, nisaidie kidogo. Hii taa ni jua. Kichwa chako ni dunia."

"Kichwa yangu?"

"Ndiyo, Mzee. Ni mviringo mzuri sana."

Murugi alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa. Hata Ngatia alitabasamu, akakaa wima.

"Kiazi hiki ni mwezi," Bharti aliendelea. "Mwezi unazunguka dunia. Mara chache unapita katikati, hivi." Alikipitisha kiazi polepole kati ya taa na uso wa mzee. Kivuli kikamwangukia Ngatia machoni. "Unaona taa?"

"Sioni. Kiazi imeziba."

"Taa imekufa?"

Ngatia akachungulia kando ya kiazi. "Haijakufa. Bado inawaka."

"Basi jua nalo ni hivyo hivyo. Halifi, Mzee. Mwezi unapita mbele yake, halafu unaenda zake. Watu wenye elimu hiyo wanapiga hesabu, ndiyo maana redio inajua mapema."

Ngatia alikitazama kiazi kwa muda mrefu. Alimwomba Bharti akipitishe tena. Halafu tena.

Magdaline aliona nafasi. "Na mimi nimejitayarisha, Mwalimu!" alisema kwa fahari. Akaleta sinia lenye vipande vya kioo cha dirisha. Alikuwa amevipaka moshi wa koroboi mpaka vikawa vyeusi. "Kila mgeni atapata kimoja aangalie jua. Watoto wa majirani nimewagawia tayari."

Uso wa Bharti ulibadilika.

"Mama Murugi, umewagawia? Hivi vioo ni hatari."

"Lakini ni vyeusi kabisa! Jua haliumizi macho ukiangalia hapa."

"Hiyo ndiyo shida. Moshi unapunguza mwangaza, lakini kuna miale ya jua ambayo huioni. Inapita kwenye kioo na kuunguza ndani ya jicho. Ndani huko hakuna maumivu. Mtu anaangalia akifurahi, na baadaye anaona doa jeusi katikati ya kila kitu. Doa lenyewe linaweza kukaa maisha yake yote."

"Na miwani ya jua?" Murugi aliuliza.

"Haifai."

"Na kuangalia ndani ya karai ya maji?" aliuliza Ngatia. "Sisi ndivyo tulivyofanya zamani."

"Haifai pia, Mzee. Maji yanalirudisha jua machoni. Hata likibaki kipande chembamba kama ukucha, linaunguza."

Magdaline aliliweka sinia chini upesi. Alitaka kuwafurahisha watoto, kumbe alikuwa anawapofusha! Alihisi aibu, na hofu ikazidi aibu.

Ngatia akasimama. "Mwalimu, nimeelewa. Jua haifi. Harusi iendelee." Murugi alipiga ukelele, lakini mzee aliinua mkono. "Ngoja. Mtu mmoja akiumia macho, midomo itafunguka, na mimi sitaweza kuifunga. Mama Murugi, hiyo ni kazi yako."

Magdaline hakungoja chai nyingine. Alijifunga leso kiunoni akaenda nyumba kwa nyumba. Alieleza, akabembeleza, na palipohitajika akagombana. Mama mmoja alikatalia kioo chake.

"Ati umenipa zawadi halafu unakuja kuchukua?"

"Dada, nipe kioo nikupe miche ya kabichi," Magdaline alisema. "Kabichi utaila. Kioo kitakula macho yako."

Mama yule akacheka, akatoa kioo. Jioni vioo vyote vilikuwa vimefukiwa kwenye shimo refu.

Sasa likabaki jambo gumu. Unawezaje kuwazuia watu mia moja wasitazame juu siku kama hiyo? Ukimwambia mtu asitazame, shingo inageuka yenyewe. Magdaline aliwaza huku akipanga viti uani. Jua la alasiri hukaa upande wa magharibi. Aligeuka kulipa kisogo, na mbele yake akauona Mlima Kenya.

Alicheka peke yake. Wazee wa Kikuyu wanaomba wakiuelekea mlima. Hakuna mzee atakayekataa kukaa hivyo, na vijana watawafuata. Akageuza viti vyote.

Mbele ya viti alitandaza shuka nyeupe kwenye kamba. Bharti alimwambia Kahiga achukue vile vichwa vya makopo ya kumwagilia, vyenye matundu madogo. "Ukivishika juu, jua litapita kwenye matundu na kuchora picha yake kwenye shuka. Tutaliangalia jua bila kuliangalia."

Jumamosi ilianza na ukungu. Kanisani waliimba mpaka madirisha yakatetemeka. Baada ya chakula uani mawingu yakatawanyika, na jua likatoka. Magdaline alikagua viti tena, kama bado vinaelekea mlimani.

Mwangaza ulianza kupungua. Baridi ikaingia ghafla. Kuku wakaanza kuelekea bandani. Kijana mmoja alitaka kugeuka, na Magdaline akasimama mbele yake.

"Macho mlimani!" alipaza sauti. "Jua tumelileta hapa kwenye shuka!"

Kahiga alikuwa ameinua kichwa cha kopo. Kwenye shuka yakatokea majua madogo mengi, kila moja limeng'atwa upande mmoja. Watu waliguna kwa mshangao. Majua yakapungua, yakawa membamba kama kucha.

"Murugi," Theuri alinong'ona, "usitikisike. Majua yapo kwako pia."

Mwanga uliopenya kati ya majani ya miti, kama kwenye matundu ya kopo, ulikuwa umemwangukia. Shela yake yote, kuanzia kichwani mpaka chini, ilijaa vipande vya jua vilivyopinda. Vilitetemeka kila upepo ulipopita. Hata wanawake waliojua kusema sana walikosa la kusema.

Kisha mwangaza ukaanza kurudi. Jogoo akawika mchana. Wanawake wakapiga vigelegele, na Mzee Ngatia akacheza mpaka fimbo yake ikaanguka.

Wageni wa Kerugoya walilala Ruring'u. Jumapili asubuhi Ngatia aliwahi kanisani kuliko padri. Alisimama mlangoni akiwazuia watu mmoja mmoja.

"Hivi ni vidole vingapi?"

"Vitatu, Mzee."

"Uso wangu iko na doa?"

"Iko na mikunjo tu, Mzee."

Hakumwacha mtu, mzee wala mtoto. Magdaline alisimama kando, roho mkononi, akihesabu nyuso. Mtu wa mwisho alipoingia, Ngatia alimwendea akavua kofia.

"Mama Murugi, wote wanaona. Hata mmoja hajaumia." Kisha akainua sauti ili ndani ya kanisa wasikie, wenye midomo na wasio nayo. "Sasa naomba ruhusa. Tunataka kumpeleka nyumbani mke wetu, mwenye kuvaa jua."

Magdaline alilia kwa furaha, akaitikia kwa kichwa.