Pigo la Tatu

Ilianza na chupa. Mpima Maji aliiacha jikoni juu ya friji, imejaa maji ya mtoni meupe pee, na aliporudi kutoka kazini akayakuta yamegeuka bluu kama wino. Baba yake alipoiona, akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Imwage, mwanangu. Nje, si kwenye sinki."

Mzee huyu watu walimwita Koki. Zamani, kiwanda cha kutia nguo rangi kilipokuwa kikimwaga uchafu wake mtoni, yeye ndiye aliyefungua koki ya bomba kila siku saa kumi alasiri. Kabla ya kufungua, aligonga bomba kwa spana. Pigo la kwanza, madobi wakusanye nguo. La pili, wakamate watoto. Ananyamaza kidogo, halafu la tatu: tokeni majini! Kiwanda kikafa, mto ukasafishwa, samaki wakarudi, na binti wa aliyeuchafua akaajiriwa kuupima. Dunia ina vituko, jamani.

Kesho yake saa kumi, bomba la bafuni likalia. Ngo. Ngo. Kimya. Harufu kali ya rangi ikajaa nyumba nzima. Mpima Maji akakimbilia bafuni, alikokuwa bintiye wa miaka mitano, Chiriku, mdomo haupumziki hata ndani ya beseni.

"Mama, yule mama kaniambia nimshikie ncha ya shuka, tukamue."

"Mama gani?"

"Wa kwenye maji." Akanyoosha mikono. Ilikuwa ya bluu mpaka viwikoni.

Wakamsugua kwa sabuni, wapi! Siku ya pili hawakumwogesha, bafu wakalifunga kwa ufunguo, lakini bomba lilipogonga mara mbili, bluu ikapanda mpaka mabegani. Chiriku akaanza kukohoa maji.

"Baba, unajua kitu," Mpima Maji alinong'ona. "Sema, mwanangu anakwisha!"

Mzee akaziba uso. "Siku uliyozaliwa. Nililetewa habari, nikawa na haraka ya kuja kukuona. Nikagonga mbili, nikafungua. Dobi mmoja, mama wa watu, alikuwa kashika shuka, mwenzake kaachia ncha yake akakamate watoto. Yule wa shuka hatukumwona tena. Nami nikanyamaza."

"Miaka yote hii, baba?"

"Mto ulipokuwa mchafu alilala humo humo. Mmeusafisha, ameamka. Jini huyu hakutoka popote. Nimemtengeneza mimi."

Siku ya tatu akachukua spana yake. Binti akataka kumfuata. "Kaa na mtoto," mzee akasema, akatoka kwenda mtoni bila kugeuka.

Saa kumi ikafika, na bomba likagonga moja, likagonga mbili, na Mpima Maji, amemkumbatia Chiriku sakafuni, akaiona bluu ikitoka mabegani na kupanda shingoni, ikafika kidevuni, ikagusa mdomo, na mtoto akaacha kupumua huku macho yakimtazama mama yake, na mama akawa anapiga kelele, "Gonga, baba, gonga!" ingawa mto ulikuwa mbali na hakuna wa kumsikia.

Ngo.

Bluu ikashuka yote. Chiriku akavuta pumzi, akalia. Mpima Maji naye akalia, akambeba mtoto mgongoni, akakimbia mtoni. Kwenye bomba kuukuu alikuta spana na viatu vya baba yake vimepangwa pamoja. Walimtafuta wiki nzima, hawakumpata. Binti alipima maji mara sita. Yalikuwa safi.

Mwezi ukapita. Alasiri moja Chiriku alikuwa kwenye beseni, anaimba, mama yake anamsugua mgongo, bomba likalia. Ngo. Ngo. Kikafuata kimya kifupi, kile kile cha baba yake. Ngo.

Chiriku akasimama, maji yanamchuruzika.

"Babu anasema tutoke haraka, mama. Ameshika shuka, lakini mikono imemchoka."