Vipande Elfu Sita

Mtu anayekata kioo hasemeshwi. Fundi vioo alipoinama mezani na kikata kioo mkononi, hata bosi alingoja. Mstari mmoja tu, kriii! Halafu kidole kinagonga kwa chini, na kioo kinaachana kama mkate. Mabaki yalikwenda kwenye pipa jekundu lililokuwa mlangoni. Kwenye pipa hilo mtu aliandika kwa chokaa: VIPANDE.

Mwaka ule pipa halikujaa. Watu hawakuwa wakijenga. Bei za vitu zilipanda, maduka yalifungwa moja baada ya jingine, na karakana ikapunguza siku za kazi kutoka sita hadi tatu.

"Wakubwa hao," fundi alisema. "Wao wakipiga chafya, sisi ndio tunaougua mafua."

Alisema hivyo juu ya kila jambo. Maji yakikatika, wakubwa. Chai ikikosa sukari, wakubwa. Wenzake wakambandika jina: Mzee Wakubwa. Hakuchukia. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Hospitali ilikuwa na kitanda, lakini haikuwa na dawa. Hilo nalo aliwabebesha wakubwa, na hapo hakuna aliyemcheka.

Marehemu mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Kila muhula, baada ya kuuza sare, alikwenda kwenye mfuko wa uwekezaji akanunua vipande. Fundi hakuwahi kuuliza ni vipande vya nini. Mkewe alimwambia neno moja tu: "Hivi ni vya siku mikono yako itakapochoka."

Na mikono ilikuwa imeanza. Mkono wa kulia ulitetemeka kidogo asubuhi, kabla ya chai.

Siku moja, akiwa amesimama karibu na lile pipa, kwenye simu yake uliingia ujumbe: "Thamani ya kipande kimoja leo ni 328."

Mwaka uliopita ilikuwa 410. Alisoma mara tatu.

"Vimevunjika," alisema.

"Nini kimevunjika?" aliuliza dereva wa gari la kupeleka vioo.

"Vipande vya mke wangu."

Dereva alichungulia simu. "Mzee Wakubwa, toa hela zote! Kuna mradi pale nyuma ya soko. Unaweka, siku arobaini unachukua mara mbili."

"Mradi wa nini?"

"Wa hela, mzee! Ukipewa maziwa, unauliza jina la ng'ombe?"

Watu walicheka. Fundi hakucheka, lakini maneno yalimwingia. Katika kazi yake kulikuwa na sheria moja: kioo kikipata ufa, kitoe haraka, kabla hakijamwangukia mtu. Alipotoka kazini alipita kwenye ofisi ya mfuko na kuchukua fomu ya kuuza vipande.

Jumamosi alikuja shemeji yake, mdogo wa marehemu. Huyu alikuwa karani katika ofisi ya pensheni. Alikuwa na desturi ya kuja kumjulia hali na kuona kama amekula. Akaikuta fomu mezani, juu yake kikombe.

"Shemeji, tangu lini unafunika karatasi za dada kwa kikombe?"

"Nauza. Vimevunjika."

"Nani kakwambia?"

"Simu. Na wewe usinitetee wakubwa wako humu ndani."

Shemeji alivuta kiti. "Haya, mimi mjinga. Kipande ni nini?"

"Kioo kilichokufa. Cha kutupa kwenye pipa."

Shemeji alianza kucheka, kisha akanyamaza. "Kumbe ndivyo unavyolisikia neno hilo miaka yote hii?"

"Lina maana ngapi?"

"Lete daftari la dada."

Fundi alilitoa kwenye droo ya cherehani. Shemeji akafungua ukurasa wa mwisho.

"Dada aliacha vipande vingapi? Soma."

"Elfu sita."

"Sasa fungua ujumbe wa simu. Usisome juu. Soma mstari wa chini."

Fundi alisogeza simu mbali na macho. "Elfu sita."

"Kipi kimevunjika?"

Fundi alitazama daftari, kisha simu.

"Vipande ni vilevile, shemeji. Kilichoshuka ni bei. Watu wengi wanaweka hela pamoja, mfuko unanunua sehemu ndogo ndogo za kampuni nyingi, na nyingine unaikopesha serikali. Kipande ni fungu lako humo ndani."

"Serikali! Hao hao wakubwa!"

"Hao hao. Ndiyo maana hawakupewa zote." Akamtazama. "Karakanani mna mabamba mangapi ya kioo yaliyosimama ukutani?"

"Themanini."

"Bei yake sokoni?"

"Imeanguka. Nani anajenga?"

"Kwa hiyo bosi ameyauza?"

"Auze kwa bei hiyo, ana wazimu? Ameyafunika turubai. Anangoja..."

Fundi aliiangalia ile fomu chini ya kikombe.

"Alaa," alisema polepole. "Kumbe wao wanafunika turubai, na sisi tunaambiwa tuuze."

"Hujauza, hasara iko kwenye karatasi tu. Ukiuza leo, umeifanya yako."

"Kwa hiyo bei itapanda?"

"Sijui."

"Hujui? Na ofisi yote ile?"

"Sijui, shemeji. Inaweza kushuka tena. Anayekuahidi kwamba atazidisha hela yako mara mbili kwa siku arobaini, ndiye wa kumkimbia. Muulize mambo mawili: hela inatoka wapi, na ni nani amemsajili. Akikujibu kwa kicheko, umeshajibiwa."

Fundi alimkumbuka ng'ombe wa dereva. Akakuna kichwa.

"Sasa mimi nile turubai? Mshahara wa siku tatu haufiki mwisho wa mwezi. Kodi ya nyumba ipo, na dawa za presha."

"Hapo ndipo pa kuanzia. Hela hii unaihitaji lini? Hela ya kula mwaka huu haitakiwi kukaa kwenye vipande, kwa sababu huwezi kuiambia njaa ingoje bei ipande. Iweke benki, uichukue unapotaka. Hela ya uzeeni ndiyo inayoweza kungoja."

Walipiga hesabu nyuma ya ile fomu. Pengo la hadi mwisho wa mwaka lingezibwa na vipande mia tisa. Fundi alikata neno "vyote" alilokuwa ameandika kwenye fomu, akaandika "900". Aliandika taratibu, kama anayekata kioo.

"Na michango yako ya pensheni umeiangalia lini?" aliuliza shemeji, akivaa viatu.

"Niiangalie ya nini? Wanakata kila mwezi. Naiona kwenye karatasi ya mshahara."

"Kukatwa si kupelekwa. Njoo Jumatatu."

Jumatatu hakuwa na zamu. Alikwenda ofisi ya pensheni, akasimama mbele ya dirisha la shemeji yake. Aliutazama ukingo wa kioo cha dirisha kwanza. Alikuwa amekikata yeye, miaka ya nyuma. Kisha karatasi ya michango yake ikapitishwa chini ya kioo.

Kila mwezi ulikuwa na tarakimu yake. Lakini miezi saba ya mwisho ilikuwa mitupu.

"Wakubwa!" fundi alipaza sauti. Foleni nzima ikageuka. "Si nilisema! Wametukata na wametia mfukoni!"

"Leo umesema kweli, bosi wenu hajaileta," shemeji alisema, bila kuinua sauti. "Lakini lawama bila karatasi ni kelele. Karatasi za mshahara unazo?"

Alikuwa nazo. Mkewe alizifunga kwa uzi wa kushonea, mwaka kwa mwaka, katika droo ya cherehani. Tangu afariki, fundi alikuwa akizitupia humo humo bila uzi. Alikwenda nyumbani, akazikuta zote saba, akarudi nazo. Alijaza fomu ya malalamiko, akaacha nakala, akaondoka na nakala yenye mhuri.

"Kuna jingine," shemeji alimwambia kabla hajatoka. "Tazama hapa chini. Mtu wa kulipwa ukifariki."

Jina la mkewe lilikuwa pale.

"Halijabadilishwa. Ukiondoka leo, binti yako atazungushwa ofisi hadi viatu viishe. Jaza hii."

Fundi aliikunja fomu. "Nitaijazia nyumbani."

Kesho yake karakanani, aliwaonyesha wenzake karatasi yenye mhuri. Wengine walikwenda kuangalia ya kwao. Miezi saba, wote. Watu kumi na wanne walipeleka malalamiko. Bosi alisema hali ngumu, soko limekufa, wavumilie. Fundi akamjibu mbele ya watu, "Bosi, sisi tumevumilia. Michango yetu ndiyo haivumilii." Maofisa wa ukaguzi walikuja. Baada ya miezi minne na barua tatu, michango ililipwa pamoja na faini, kwa awamu mbili.

Ule mradi wa nyuma ya soko ulipata kufuli mlangoni kabla ya siku ya arobaini. Dereva alikwenda kugonga mara nyingi. Hakuna aliyemtania kuhusu ng'ombe. Fundi alimnunulia chai, akamwambia, "Hata mimi nilikuwa nimeshachukua fomu."

Mwaka ukapita. Siku za kazi zikawa nne. Bei ya kipande ilishuka tena hadi 315, na wiki hiyo fundi hakulala vizuri. Kisha ikaanza kupanda kidogo kidogo hadi 389. Haikuwa imefika 410. Lakini vipande elfu tano na mia moja vilivyobaki vilikuwa na thamani kubwa kuliko vile elfu sita siku ile ya kikombe. Na vile mia tisa vilikuwa vimeshalipa kodi na dawa.

Mkono ulitetemeka zaidi. Fundi aliacha kukata, akawa mpimaji. Vijana walikata, yeye alishika rula na kuwalaumu wakubwa.

Jumapili moja alikaa mbele ya cherehani, akafunga karatasi zake za mshahara kwa uzi, mwaka kwa mwaka. Akaikunjua ile fomu. Mikunjo ilikuwa imeanza kuchanika.

Jina la sasa. Jina jipya. Aliandika jina la binti yake, kwa herufi kubwa.

Mstari wa mwisho uliuliza: Sababu ya kubadilisha.

Kalamu ilisimama. Neno la kwanza lililomjia lilikuwa "wakubwa". Lilikuwa la kweli, na angeweza kuliandika.

Kisha akashika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, usitetemeke, akaandika:

"Amefariki. Vipande vyake vipo."