Chakula Kinachomfaa Yakuti

Kila asubuhi baada ya sala, Mzee Hamid alitoka nyumbani kwake Mji wa Kale akaenda Tononoka kwa miguu. Huko, nyuma ya nyumba ya marehemu kaka yake, kulikuwa na banda la Yakuti. Yakuti alikuwa farasi jike mwekundu, mpole, mwenye miguu myembamba.

Mzee Hamid alimsugua, akambadilishia maji, kisha akampimia mahindi yaliyoparazwa. Makopo matatu asubuhi, matatu jioni. Nyasi alimpa kidogo tu.

"Nyasi hujaza tumbo," alikuwa akisema. "Nguvu iko kwenye nafaka."

Aliyempanda Yakuti ni bintiye, Afaf, mwalimu wa shule moja ya Ganjoni. Wawili hao walikuwa wakijiandaa kwa mbio za masafa marefu za mwezi wa tisa: kilomita arobaini kupitia mashamba ya mkonge, kaskazini mwa mji. Katika mbio hizo kufika mapema hakutoshi. Daktari humpima farasi moyo, na asipokuwa mzima huhesabiwa kuwa hakumaliza.

Wiki moja mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Yakuti akakaa bandani. Mzee Hamid akamwongezea kopo la nne.

"Anapumzika. Mwache akusanye nguvu," alimwambia Afaf.

Siku ya tatu Afaf alimtoa. Hawakufika hata kilomita mbili. Yakuti alitokwa na jasho shingoni na mbavuni, miguu ya nyuma ikakakamaa, akasimama kando ya barabara akitetemeka. Afaf alishuka akamgusa paja. Lilikuwa gumu kama ubao. Akampigia simu baba yake, kisha Daktari Janet, daktari wa mifugo.

Mzee Hamid alifika mbio; daktari akafuata kwa tuktuk. "Msimsogeze hata hatua moja," alisema. Alimdunga sindano, akamwekea dripu. Yakuti alipokojoa, mkojo ulikuwa wa rangi ya kahawa. Mzee Hamid aligeuza uso.

Alasiri walimrudisha bandani kwa lori dogo. Ndipo daktari alipouliza, "Mzee, siku mbili za mvua alikula nini?"

"Sikumpunja, daktari. Nilimwongezea."

"Mahindi yana wanga mwingi, mzee. Farasi akiwa hana kazi, wanga huo hujilimbikiza kwenye misuli. Akitolewa kazini ghafla, misuli inaumia. Wengine hufa."

Mzee Hamid aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Basi ni mimi niliyemuumiza."

"Hukujua. Lakini tumbo la farasi limeumbwa kwa nyasi. Anayekwenda mbali hutumia nguvu polepole, na nguvu hiyo huipata kwenye nyasi na mafuta."

Afaf alikuwa amesimama mlangoni. "Simpandi tena, Baba," alisema. "Naogopa."

Baba yake aliinuka akambadilishia Yakuti maji.

Wiki iliyofuata watatu hao walikwenda kwenye duka la vyakula vya mifugo. Zakariya, mwenye duka, aliwaonyesha mfuko. "Hiki cha ng'ombe wa maziwa ni rahisi, na kina protini nyingi."

"Cha ng'ombe hapana, wala cha kuku," alisema Daktari Janet. "Baadhi ya vyakula hivyo hutiwa dawa. Ng'ombe haimdhuru, lakini farasi humharibu moyo akafa."

Zakariya akaleta mifuko miwili ya farasi. Mmoja ulikuwa na picha ya farasi akikimbia kwa kasi. Mzee Hamid aliupenda.

"Usitazame picha, mzee. Afaf, tusomee karatasi iliyoshonwa mdomoni mwa mfuko."

Afaf akasoma. Ule wa picha ulikuwa wa nafaka nyingi, mafuta asilimia tatu. Wa pili ulikuwa na nafaka kidogo, mafuta asilimia nane na nyuzinyuzi nyingi. Uliandikwa kuwa ni wa farasi wa kazi ndefu.

"Huo wa pili," alisema daktari. "Tazameni na tarehe. Kisha fungueni mnuse. Hapa kwetu kuna unyevu. Chakula kikiota ukungu, kitupeni."

Kopo likawekwa kando, mizani ikaletwa. Nyasi kavu kilo nane kwa siku, kidogo kidogo. Chakula kipya kiliongezwa polepole kwa wiki mbili, ili tumbo lizoee. Chumvi na maji havikukosekana. Siku ya mapumziko, chakula cha mfuko kilikuwa nusu. Hilo lilimpa tabu Mzee Hamid. Alisimama na bakuli mkononi, Yakuti akimtazama, na mara mbili alikaribia kuongeza. Hakuongeza.

Mbio za mwezi wa tisa zilipita bila wao. Daktari alipopima damu na kuridhika, Afaf alianza kumtembeza Yakuti kwa kamba. Mwezi mmoja baadaye, bila kuambiwa na mtu, aliomba tandiko.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata walikwenda kwenye mbio nyingine. Yakuti alifika wa kumi na saba. Daktari wa mbio alimpima, akasubiri, akasema, "Mapigo hamsini na mbili kwa dakika. Moyo umetulia. Amemaliza."

Afaf alimkumbatia Yakuti shingoni. Yakuti alikuwa ameshainama kutafuta nyasi.

Mwenye farasi mwingine, Lennox, alisogea. "Mzee, wako unampa chakula gani? Nami nikanunue hichohicho."

Mzee Hamid alifikiri kidogo. "Wako anafanya kazi gani kwa siku?" aliuliza. "Tuanzie hapo."