Kengele Tatu za Bonge

Nyumba ya Bonge ilijaa saa. Mumewe alikuwa fundi saa, na kuta zote zilikuwa na saa za wateja zinazosubiri wenyewe. Chini ya saa hizo, Bonge alishona nguo kwa cherehani.

Mchana jua liliingia dirishani, saa zikagonga taratibu, naye akasinzia mguu ukiwa kwenye pedali. Alijiona anapanda ngazi ndefu, mwepesi, gauni la samawati likipepea. Hakuhema hata kidogo. Kisha goti lilimchoma, akazinduka. Gauni la samawati lilikuwa limekunjwa kabatini, halimwingii tangu zamani.

Bonge alikuwa na kilo mia moja na thelathini. Alikuwa na kisukari. Pia alikuwa na virusi vya UKIMWI, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kila asubuhi alimeza dawa, na kila kipimo kilionyesha virusi vimelala, havionekani.

"Kuna upasuaji wa kupunguza tumbo, ule mfuko wa chakula," nesi wa kliniki alimwambia siku moja. "Unakula kidogo, unashiba."

"Dada nesi, mimi mwenye virusi, nani atanipasua?"

"Virusi vyako vimelala na kinga yako ni nzuri. Daktari atakupima kwanza, kama anavyompima mtu mwingine yeyote."

Nyumbani Bonge alilia. "Nikikonda watu watajua," alimwambia mumewe. "Unene huu umenificha miaka yote. Wakiniona wanasema, huyu mzima."

"Mke wangu, walimwengu hawana dogo. Ukinenepa watasema, ukikonda watasema. Wewe unataka kuwanyamazisha wao au unataka kupanda ngazi?"

Bonge alifuta machozi. Alitaka kupanda ngazi.

Alipasuliwa salama. Miezi ikapita kama usingizi wa mchana. Alikula vijiko vichache, alitembea asubuhi, sukari ikashuka. Kilo thelathini na tano ziliondoka. Ila vidonge viliongezeka: vya vitamini, vya kalsiamu na vya madini ya chuma. Hivyo ni vya maisha, kwa sababu tumbo dogo halipati vya kutosha kwenye chakula.

Mumewe alifurahi kupata kazi ya kumkumbusha. Alitega saa moja kubwa. "Kengele moja, vidonge vyote, tumemaliza!" alisema. Mtu wa saa hapendi mambo ya kutawanyika. Kila siku saa moja asubuhi kengele ililia, na Bonge alimeza vyote pamoja kabla hajala.

Kisha kipimo kikatoka. Virusi vilikuwa vimeanza kuonekana tena.

Bonge alikaa mbele ya nesi, mumewe kando yake. "Nimejitakia mwenyewe," alisema. "Nimetafuta wepesi, nimeamsha ugonjwa."

"Uliruka siku yoyote?" nesi aliuliza.

"Hata moja!"

"Unavimezaje?"

Mumewe akajibu kwa majivuno, "Kengele moja, vyote pamoja!"

Nesi akashika kichwa. "Shemeji, hapo ndipo penye kosa. Kalsiamu na chuma huishika dawa hii ya virusi tumboni, isiingie vizuri kwenye damu. Na tumbo lenyewe limebadilika. Ndiyo maana baada ya upasuaji tunapima mara kwa mara. Dawa ya virusi asubuhi. Kalsiamu mchana. Chuma jioni. Dawa za watu hazifanani, kwa hiyo kila mtu aulize kliniki yake. Na usiache dawa hata siku moja."

Walipofika nyumbani, fundi saa aliinamisha kichwa. "Nisamehe. Nimekuponza."

Bonge alimtazama, akacheka huku machozi yakimtoka. "Wahenga wamesema, kosa moja haliachi mke. Mume je? Tega saa nyingine mbili."

Wiki ziligonga, asubuhi, mchana, jioni. Kipimo kilichofuata kilisema virusi havionekani. Siku hiyo Bonge alipanda ngazi zote za kliniki kwa miguu yake. Juu kabisa alisimama kidogo, asiamini kwamba yuko macho.

Asubuhi moja jirani yake, mama mnene mcheshi, alileta sketi ipanuliwe kiuno. Alimkuta Bonge ndani ya gauni la samawati.

"Makubwa! Shoga, umekonda hivi, unaumwa?"

Saa ya asubuhi ikalia. Zamani Bonge angekimbilia chumbani. Sasa alifungua kopo palepale, akameza kidonge, akanywa maji kwa mafunda madogo.

"Nesi wa kliniki alinishauri, nikapasuliwa nipunguze uzito," alisema. "Na hii ni dawa ya virusi vya UKIMWI. Miaka kumi na mbili naimeza, na virusi vimelala."

Saa zote zilisikika ukutani. Jirani alilitazama kopo, akamtazama Bonge, kisha akavuta kiti, akakaa, akayashika magoti yake.

"Mwenzangu," alisema polepole, "mimi pia naimeza. Huyo nesi wako yupo siku gani?"