Dawa ya Siku za Mabomu

Mwaka ule wa 2003, pale mtaa wa Buyenzi, wakati wa vita, kila nyumba ilikuwa na kitu chake cha kukimbilia mabomu yakianza kulia. Jirani mmoja alikimbilia redio, mwingine tasbihi. Mwantum alikimbilia kopo la vidonge vya mume wake, Tajudini.

Tajudini alikuwa fundi wa magari, mtu wa maneno mengi. Mapema mwaka huo, muuguzi mmoja kutoka Bukavu, jina lake Nsimire, alipita mtaani kwao nyumba kwa nyumba. Zahanati ilikuwa inafanya utafiti ili kujua ni wangapi wana presha, na namna ya kuwakinga na ugonjwa wa moyo. Alimfunga Tajudini mkanda wa kupimia, akakuta presha iko juu. Akampa vidonge, ameze kimoja kila siku.

Tajudini akaelewa kwa namna yake.

"Mi najua hii presha," alimwambia mkewe. "Ni woga tu. Bombu zikilia, mutima unaruka. Zikinyamaza, mi muzima."

Basi ikawa hivyo. Milio ikianza milimani kwa waasi, Mwantum alimpa kidonge, naye akameza. Kukiwa shwari, kopo lilikaa juu ya kabati. Waliona wanatumia akili, dawa isiishe kabla ya vita.

Kisha zikaja siku tisa za ukimya. Watu wakaanza kulala bila viatu miguuni. Asubuhi ya siku ya kumi, Mwantum alikuwa anakaanga ndagala, wale dagaa wa chumvi, aliposikia chuma kinaanguka uani. Tajudini alikuwa ameangusha spana. Aliiokota, ikamponyoka tena. Alipogeuka kusema kitu, mdomo ulikuwa umekwenda upande, na maneno hayakueleweka.

Mwantum aliogopa kuliko siku zote za vita. Bomu angalau hulia, ukapata kuingia chini ya kitanda. Hili liliingia nyumbani bila hodi. Akamtuma binti yao, Assia, mbio zahanati.

Nsimire alikuja anahema, na mashine yake mkononi.

"Ishirini juu ya kumi na mbili," alisema kwa sauti ya chini. "Iko juu sana. Mama Assia, dawa anakunywa?"

"Anakunywa kabisa."

"Jana alikunywa?"

Mwantum alilishangaa swali lenyewe. "Jana? Jana hawakupiga."

"Na juzi?"

"Juzi pia kulikuwa kimya. Siku tisa sasa."

Nsimire alimtazama, lakini hakumgombeza. "Tafuta taksi. Twende hospitali sasa hivi."

Njiani Mwantum alishika ule mkono uliolegea. Aliusubiri umbane vidole, haukubana. Alisoma dua zote alizojua, nyingine akazichanganya.

Mungu alimrehemu. Jioni mkono ulipata nguvu, na maneno yakarudi, mengi kama zamani. Daktari alisema hicho kilikuwa kiharusi kidogo, onyo tu, na la pili huenda lisiwe na huruma.

Tajudini aliporudi nyumbani, Nsimire alikuja kumtazama.

"Baba Assia, woga unapandisha presha kidogo, kisha inashuka. Yako haishuki. Iko ndani hata siku ya kimya, hata ukijisikia muzima. Ndiyo maana dawa ni ya kila siku."

"Hata vita ikiisha?"

"Hata vita ikiisha. Na usiache mpaka daktari aseme."

"Hii presha ni kaidi kushinda wale wa milimani," alisema Tajudini.

"Na ndagala zangu za chumvi?" aliuliza Mwantum.

"Loweka, umwage maji mara mbili, chumvi itoke. Na usiongeze ingine." Nsimire akaanza kukunja mkanda wake. "Na siye tulikosea. Tulikuwa tunauliza watu: unakunywaka dawa? Wote wanasema ndiyo. Sasa nauliza: jana ulikunywa? Kwenye hii barabara yenu tu, nyumba saba zinangojeaka bombu ndiyo wameze."

Mwantum aliona aibu, kisha akaona nafuu, maana hawakuwa peke yao. Siku hiyohiyo alilishusha kopo kabatini, akaliweka kando ya birika la chai. Kila asubuhi, baada ya swala, Tajudini alimeza kidonge chake. Baada ya miezi miwili Nsimire alipima tena. Kumi na tatu juu ya nane: imeshuka.

Alasiri moja milio ikaanza upya. Mwantum, kwa mazoea, alirukia kopo. Akahangaika na kifuniko, kikamshinda. Tajudini alikuwa amelala sakafuni, uso umejaa jasho.

"Acha hiyo, Mama Assia," alisema. "Ya leo nilishakunywa na chai. Kuja ulale chini."

Mwantum akaliacha kopo, akalala kando yake. Waliogopa pamoja mpaka milio ikakoma.

Kesho yake kulikuwa kimya kabisa. Tajudini akameza kidonge chake.